Hajafukuzwa: Kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Muda

Anayetaka kuitafsiri TPS kwa Kiswahili hukwama kwenye silabi moja. Waswahili waishio Marekani hawajisumbui: husema "fulani ana TPS", wakaendelea na mazungumzo. Mtafsiri hana ruhusa hiyo. Hadhi hii, ambayo Marekani huwapa watu wa nchi iliyovurugika ili wasirudishwe makwao kwa wakati huo, aiite "Hadhi ya Ulinzi wa Muda" au "Hadhi ya Ulinzi ya Muda"? Kwa "wa", kinachopita ni ulinzi: hadhi ipo, kinga yake ndiyo yenye siku za kuhesabika. Kwa "ya", hadhi yenyewe ndiyo ya kupita. Kiingereza huyapanga maneno matatu kwenye foleni, kikanyamaza. Kiswahili, chenye upatanisho wa ngeli, humbana msemaji ataje ni kipi hasa kisichodumu.

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, japo hakuna jaji aliyezungumzia ngeli. Katika kesi ya Sanchez dhidi ya Mayorkas, iliyoamuliwa Juni 2021, mwombaji kutoka El Salvador alikuwa ameingia nchini bila kupita mbele ya ofisa wa uhamiaji, na baadaye akapata TPS. Akaomba ukaazi wa kudumu. Sheria inasema kwamba kwa ajili ya ombi la namna hiyo, mwenye TPS ahesabiwe kuwa yumo katika hadhi halali. Lakini ukaazi unataka pia mtu awe alipokelewa na ofisa alipoingia. Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya majaji wote tisa, alisema hayo ni mambo mawili: hadhi ni hadhi, kupokelewa ni kupokelewa, na sheria imetoa la kwanza tu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa ndani kihalali bila kuhesabiwa kwamba aliwahi kuingia.

Sentensi kama hiyo ingetoka kwa mshairi tungeiita fumbo. Imetoka katika sheria, basi tuisome kwa makini yaleyale. Wanasheria wamekwisha kuijadili kwa haki na wajibu wake. Mimi nataka kulitazama umbo lake, yaani jina, viunganishi, vitenzi, hesabu ya miezi na mpangilio wa vifungu. Umbo hilo, nitakavyoonyesha, linajua kuzuia lakini halijui kufikisha.

Mzizi wake ni muswada. Mwaka 1983 wakazi wa Jamaica Plain, mtaa wa Boston, walimwendea mbunge wao, Joe Moakley, kumweleza habari za Wasalvador waliokuwa wakirudishwa kwenye vita. Vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1980, mwaka aliouawa Askofu Mkuu Óscar Romero akiwa anaadhimisha misa, na hadi vinamalizika 1992 vilikuwa vimeua watu wapatao 75,000. Serikali ya Marekani ilikuwa ikilifadhili jeshi la El Salvador. Kukiri kwamba jeshi hilo linaua raia kungekuwa kujishtaki. Moakley, pamoja na Seneta Dennis DeConcini wa Arizona, aliandika muswada wa kusimamisha kwa muda urudishaji wa watu hao. Ulikwama, akaurudisha, ukakwama tena, akaurudisha tena.

Toleo la 1989 liliitwa, kwa tafsiri yangu, Sheria ya Uchunguzi wa Amerika ya Kati na Nafuu ya Muda. Tazama mpangilio: uchunguzi umetangulia, nafuu imefuata. Muswada uliiagiza ofisi ya ukaguzi ya Bunge ichunguze hali ya watu waliong'olewa makwao na vita na itoe ripoti ili Bunge liijadili; hayo yakiendelea, urudishaji usimame. Muda hapa ulikuwa na kazi. Ulikuwa muda wa kujua. Kiunganishi kilichoubeba muswada mzima kilikuwa "mpaka": tusimrudishe mtu mpaka tujue tunampeleka wapi. Mzee yeyote aliyewahi kuketi barazani kusuluhisha kesi ya mtaa angeutambua utaratibu huo. Shahidi akiwa bado njiani, hukumu husubiri.

Kisha uchunguzi ukaja kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1989, askari waliwaua mapadri sita Wajesuiti katika Chuo Kikuu cha Amerika ya Kati jijini San Salvador, pamoja na mpishi wao na binti yake. Spika wa Baraza la Wawakilishi alimteua Moakley aongoze kikosi cha wabunge kufuatilia mauaji hayo. Mtu aliyeomba kwa miaka sita nchi hiyo ichunguzwe, sasa akatumwa kuichunguza mwenyewe. Mwaka uliofuata kikosi chake kililinyooshea kidole jeshi.

Sheria ya Uhamiaji ambayo Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 29 Novemba 1990 iliubeba hatimaye ujumbe wa muswada ule. Moakley wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, kamati inayopanga muswada gani uingie ukumbini na kwa masharti gani, na hakukubali Wasalvador waachwe nje. Lakini linganisha maumbo. Kifungu cha 303 kiliwapa Wasalvador kinga kuanzia 1 Januari 1991 hadi 30 Juni 1992. Kifungu cha 302 kikaunda utaratibu wa jumla kwa nchi yoyote: kipindi cha miezi isiyopungua 6 wala kuzidi 18. "Mpaka" imeondoka, kalenda imekaa mahali pake. Katika muswada, muda ulikwisha maarifa yalipopatikana. Katika sheria, muda hukwisha tarehe inapofika. Tofauti hii huenda ikaonekana ndogo. Kwangu ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, kwa sababu kila kilichofuata kimetoka humo.

Tuwe waadilifu kwa sheria hiyo: kabla yake hapakuwa na matini kabisa. Kulikuwa na desturi ya kiofisi ya kuahirisha kuondoka kwa watu wa nchi fulani, na aliyeitoa angeweza kuiondoa bila kueleza. Waganda waliipata mwaka 1978, wakati wa Idi Amin, Wapolandi wakaipata wakati utawala wa kijeshi ulipotangazwa kwao Desemba 1981, Wasalvador wakaikosa. Kuandika sheria kulikuwa hatua ya kuitoa huruma kwenye mdomo wa mkubwa na kuiweka kwenye karatasi, ambapo inaweza kusomwa. Na kinachosomeka huhojiwa.

Sasa tuingie ndani ya matini. La kwanza linalomgusa msomaji wa fasihi ni kwamba sheria hii haitaki hadithi. Mwomba hifadhi wa kawaida sharti asimulie: nani alikuja usiku, alisema nini, ulikimbiaje, kovu hili ni la nini. Utaratibu wetu wa ngano unajulikana: msimulizi huita "Hadithi! Hadithi!" na hadhira huitikia "Hadithi njoo!" Katikati ya miaka ya 1980 Wasalvador waliita, na hadhira haikuitikia, maombi yao ya hifadhi yalikubaliwa chini ya 3 kwa kila 100. TPS iliwaondolea mzigo wa kusadikiwa. Inauliza mambo machache makavu: wewe ni raia wa nchi gani, umekuwa hapa tangu tarehe ipi, una makosa gani ya jinai. Kiima cha sentensi zake kuu ni nchi. Mtu huja nyuma, kama kivumishi. Wasalvador wapatao 187,000 walijiandikisha chini ya kifungu cha 303, na hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba aliwahi kuogopa.

Hiyo ni rehema, na ina bei. Aliyeingia kwa orodha hana hadithi yake mahali popote kwenye faili. Nchi ikitangazwa kuwa imetulia, yeye ametulia nayo, hata kama waliomuua kaka yake bado wanakaa mtaa wa pili.

La pili ni vitenzi. Sheria ya Kiingereza hupima nguvu zake kwa maneno mawili: "may", yaani aweza akipenda, na "shall", yaani sharti. Kuiteua nchi ni "may". Vita vikiwaka, tetemeko likibomoa, hali ya ajabu ikizuka, waziri aweza kuteua, hakuna anayemlazimisha. Lakini akishaona kwamba masharti hayapo tena, kusitisha ni "shall". Mlango wa kuingilia unafunguliwa kwa hiari, wa kutokea kwa lazima. Maafa ya asili yana ngazi ya ziada: serikali ya nchi iliyopigwa lazima iombe yenyewe. Na kwa kawaida uamuzi wa kuteua, kuongeza au kusitisha hauhojiwi mahakamani. Aya moja fupi inasema hivyo.

Hata hivyo kuna sentensi moja humo ambayo huwa naisoma kwa furaha. Angalau siku 60 kabla ya kipindi kumalizika, waziri lazima aipime upya hali ya nchi ile. Asipotamka kwamba masharti yamekwisha, muda unaongezeka wenyewe kwa miezi 6. Yaani kimya kimepewa kauli. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo wake ni nusu mwaka wa usalama. Kama kuna sehemu ambapo sauti ya muswada wa Moakley bado inasikika ni hapa: msipojua, msifukuze.

Nguvu ya kuisoma sheria neno kwa neno ilionekana mwaka 2025. Matini yanampa waziri vitenzi vitatu juu ya nchi: kuteua, kuongeza, kusitisha. Yanamwita "Mwanasheria Mkuu", ingawa tangu 2003 kazi hiyo ni ya Waziri wa Usalama wa Ndani. Sheria bado inamsalimia mwenye nyumba aliyehama. Januari 2025 Waziri Alejandro Mayorkas aliiongezea Venezuela miezi 18. Siku chache baadaye, tarehe 28 Januari, mrithi wake Kristi Noem akautangua uongezaji huo, kisha akasitisha uteuzi wa 2023 uliowalinda Wavenezuela wapatao 350,000. Ubishi ukawa juu ya kitenzi cha nne. Je, kutangua kumo? Mwenye uwezo wa kuongeza ana uwezo wa kufanya kana kwamba hakuna kilichoongezwa? Jaji Edward Chen wa San Francisco alizuia hatua hiyo mwishoni mwa Machi. Tarehe 19 Mei Mahakama ya Juu ikaruhusu iendelee wakati kesi ikisikilizwa. Watu walipoteza vibali vya kazi kwa kitenzi ambacho hakijaandikwa.

La tatu ni kile sheria inachotoa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema. TPS haingoji hata siku ya tatu. Vitu vyake viwili vikuu ni kutorudishwa na kibali cha kufanya kazi. Jembe analipata, analima, analipa kodi. Shamba hapewi: kifungu kidogo cha (f) kinasema wazi kwamba hahesabiwi kuwa anaishi nchini kwa kudumu, na kwamba misaada ya umma anaweza kunyimwa. Kujiandikisha kuna ada. Sheria ya 1990 iliiwekea ukomo wa dola 50. Julai 2025 Bunge likaipandisha hadi dola 500. Sifuri moja ikaongezwa.

Kipindi nacho kina tabia yake. Miezi 18 ni mingi mno kwa mtu kukaa juu ya sanduku lililofungwa, na ni michache mno kumfanya alifungue. Anapanga nyumba, anamwandikisha mtoto shule, ananunua gari kwa mkopo wa miaka mitano ilhali leseni yake ya udereva, katika majimbo mengi, huisha siku ileile inayokwisha TPS. Kisha tangazo huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, fomu hujazwa upya, alama za vidole hutolewa tena, na hesabu huanzia moja.

Hapa ndipo Kiswahili kinatupa chombo ambacho matini ya Kiingereza hayana. Mtu mwenye TPS tumsemeje? "Hafukuzwi" ni uongo, kwa kuwa inatoa ahadi. "Hakufukuzwa" inaifunga habari, kana kwamba hatari imepita. Kauli sahihi ni moja: hajafukuzwa. Kiambishi -ja- hukanusha tendo na papo hapo hulitunza mlangoni. Asemaye "mvua haijanyesha" amekwisha kuyatazama mawingu. Ukanushi huu ni wa -me-. Nyuma ya kila "hajafukuzwa" pameketi "amefukuzwa" anayesubiri zamu yake. Sheria nzima, na vifungu vyake vidogo kutoka (a) hadi (i), imeandikwa kwa njeo hiyo ya bado.

Na ingekuwa bado ya kawaida, ile inayokwisha siku moja, pasingekuwa na neno. Lakini angalia kifungu kidogo cha (h). Kinaihusu Seneti, na kinaitaka isijadili muswada wowote wa kuwageuzia wenye TPS hadhi yao kuwa ya ukaazi, ila kwa kura za maseneta watatu kati ya kila watano. Ni nadra kukuta sheria inayogeuka nyuma na kutegesha kigogo katika njia ya sheria itakayokuja baada yake. Mwandishi wa hadithi hapa angekuwa amechana kurasa za mwisho kabla ya kuandika ya kwanza. Na uteuzi ukisitishwa, idara ya uhamiaji huwaeleza wahusika kwamba wanarudia hadhi waliyokuwa nayo kabla ya TPS. Aliyekuwa hana makaratasi mwaka wa kwanza, hana makaratasi mwaka wa ishirini. Huo ni mviringo: miaka imepita juu ya mtu, haikupita juu ya faili.

Wasalvador wa kundi la kwanza walitoka kwenye mviringo huo kwa mlango wa pembeni. Amani ilitiwa saini katika ngome ya Chapultepec, Mexico, tarehe 16 Januari 1992. Kifungu cha 303 kikaisha Juni. Marais wawili wakaahirisha urudishaji kwa amri zao hadi mwisho wa 1994. Mwaka 1997 ikatungwa sheria nyingine, yenye jina jingine, iliyowafungulia njia ya kuomba ukaazi. Mwisho wa hadithi uliandikwa katika kitabu kingine.

Warundi hawakuupata. Burundi iliteuliwa Novemba 1997, wakati vita vyake vikiendelea; uteuzi ukaongezwa na kuongezwa, ukakoma tarehe 2 Mei 2009. Somalia, iliyoteuliwa Septemba 1991 kwa hali iliyoitwa ya ajabu na ya muda, ilibaki katika orodha hiyo zaidi ya miaka 30. Ukitaka kuona umbo jingine linavyoweza kumalizika, tazama Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nao walipewa jembe, tena pamoja na shamba, na nao waliitwa wakimbizi kwa miongo minne. Kuanzia Oktoba 2014 takriban 162,000 kati yao na watoto wao wakaanza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Tanzania hiyohiyo, miaka miwili kabla, ilifunga kambi ya Mtabila na kuwarudisha Warundi wengine, kwa hiyo hatuitafuti nchi ya malaika. Tunatafuta kitenzi. Kwa wale wa 1972 kitenzi kilipatikana, nacho kina -me-: wamepewa.

El Salvador ilirudi kwenye orodha tarehe 9 Machi 2001, baada ya matetemeko mawili, la 13 Januari na la 13 Februari. Nyumba zilizoanguka zilijengwa upya zamani. Uteuzi ukaongezwa miezi 18, na 18, na 18. Ukatangazwa kufa mwaka 2018, ukanusurika mahakamani, na Januari 2025 ukaongezwa tena hadi 9 Septemba 2026. Mtoto aliyezaliwa Los Angeles wiki ile ya Machi 2001 ni raia, amekwisha kupiga kura, huenda ana mtoto wake. Mama yake amejaza fomu ileile mara baada ya mara, na mahali panapouliza hadhi yake ya sasa huandika herufi tatu. Nikiulizwa nizitafsiri, silabi iliyonikwamisha mwanzo hainisumbui tena, kwa kuwa wa na ya zote mbili zinadhani kuna kitu kinachopita. Ningeandika kitenzi kimoja, nikaacha mstari chini yake wazi kwa ajili ya kile ambacho sheria haina: hajafika.